Bastola ya "1916" iliyokutwa Ng'ambo, Tabora: ya kweli, ya kubumba, na ina thamani gani

Kisa ni cha familia moja ya Ng'ambo hapa Tabora mjini, majina nayaacha. Mzee wao alifariki, arobaini ikapita, wakakaa kikao cha mirathi na kwenye kufungua sanduku la bati la marehemu wakakuta chini ya kanzu na mashuka kuna bastola ndani ya mfuko wake wa ngozi, na pembeni kopo la maziwa ya unga limejaa makaratasi. Kwenye ukoo ule hakuna aliyeshangaa sana maana hadithi yake wamekua nayo, kwamba babu mzaa baba wa marehemu alimnyang'anya afisa wa Kijerumani siku Wabelgiji walipoingia Tabora mwaka 1916. Kilichowashangaza ni dalali. Sijui habari zilimfikiaje, ila ndani ya wiki hiyohiyo alishapiga simu anataja milioni arobaini, "bastola ya Mjerumani, ya vita ya kwanza, orijino".

Mjukuu mmoja akapewa namba yangu kwa sababu kabla ya kustaafu nilikaa sana kwenye ghala la silaha na watu wanajua napenda vitu vya zamani. Akaanza kwa adabu, "shikamoo babu, samahani kukusumbua", alafu kabla sijajibu vizuri akarusha picha nne WhatsApp na swali moja tu, hii kitu inaweza kuwa bei gani.

Swali la bei nililiacha pembeni kabisa. Picha ya pili ilikua imepigwa upande wa kushoto, inaonekana vizuri, ni P08, ile wengi wanaiita Luger, na pale juu ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, kijisahani kidogo cha chuma kilikua kimeinuka na kimeandikwa GELADEN. Hiyo ni alama ya bastola yenyewe kukuambia ndani ya chemba kuna risasi. Kisahani kikiwa kimelala chemba ni tupu, kikiinuka na maandishi yakaonekana pembeni, imejaa. Kwa hiyo mzee aliifungia sandukuni ikiwa tayari kupiga, na ikakaa hivyo miaka yote hiyo, na hapo kwenye picha ipo juu ya meza ya sebuleni na kwa nyuma naona mguu wa mtoto. Nikampigia palepale. Nikamwambia usiiguse, usiivute kitu chochote, usijaribu kuifungua, toa watoto chumbani, funga mlango, alafu we na shangazi yako mwende kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa mikono mitupu mkamueleze, yeye atawapeleka polisi, na polisi ndio waje kuichukua. Msiibebe kwenye begi kwenda nayo kituoni hata kama nia yenu ni njema.

Kuhusu kuifungua nasisitiza kwa sababu wapo mafundi wa YouTube. P08 ina tabia yake mbaya, ukishaitoa ile sehemu ya juu kutoka kwenye mwili wa chini, sehemu ya juu peke yake bado inaweza kufyatua kama ndani kuna risasi, maana kile chuma kinachoachia pini kiko nje ubavuni, ukikibonyeza kwa kidole umemaliza kazi. Watu wameumia hivyo wakidhani wanasafisha.

Na kuhusu polisi, kijana alisita, nikamwelewa. Huku kwetu magharibi neno bastola likitajwa watu wanakumbuka mambo ya njia za Kigoma, silaha zilizovuka mpaka na vita za majirani, msako ukija hauulizi kama chuma chako ni cha makumbusho. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina mlango wa "hii ni ya babu". Silaha ya moto bila leseni ni kosa, na kesi zake zinaingia kwenye uhujumu uchumi, ambako unaweza kukaa ndani muda mrefu kabla hata hujasikilizwa. Mwenye leseni akifa leseni haiingii kwenye mirathi kama baiskeli. Ila tofauti ni kubwa kati ya mtu aliyekutwa nayo na familia iliyokwenda yenyewe kusema tumekuta kitu hiki kwenye sanduku la marehemu, na serikali yenyewe kila baada ya muda inatangaza watu wasalimishe silaha kwa hiari. Shangazi mtu, ambaye ndiye kauli ya mwisho pale nyumbani, aliposikia neno uhujumu hakungoja chai. Wakaenda. Askari wakaja, wakaitoa risasi kwa utaratibu wao, wakaiandikisha, familia ikapewa karatasi ya makabidhiano. Hiyo karatasi nilimwambia kijana ailaminishe.

Mimi niliiona baadaye hukohuko kituoni, kwa ruhusa, askari wa ghala ndiye anashika na kufungua, mi nina kalamu, tochi na miwani. Nawaeleza nilivyoisoma kwa sababu nadhani wengi wenye chuma cha urithi, iwe bastola, sime ya jeshi au hata nishani, wanaanza na hadithi alafu wanatafuta kwenye chuma kitu cha kuithibitisha. Mi naanza na chuma, hadithi ikae nje kwanza.

Juu kabisa, pale kwenye kile kiungo kinachokunjika kama goti, kuna herufi tatu zimesukwa kwa mwandiko wa kupinda, DWM, kiwanda cha Berlin. P08 za jeshi za vita ya kwanza zilitoka sehemu mbili tu kubwa, DWM na kiwanda cha serikali cha Erfurt ambacho chenyewe kinaweka taji na jina la mji. Kwa hiyo mpaka hapo safi, ni ya Kijerumani kweli. Alafu mbele kidogo, juu ya chemba, ndipo panapoandikwa mwaka. Tochi ikapigwa. Mwaka ulikua 1917.

Hapo hadithi ya ukoo ilikua imeshakufa na kijana aliyesimama nyuma yangu hakujua bado.

Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba 1916. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo chini ya jenerali wao Tombeur, walioichukua Kigoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, waliingia mjini Wajerumani wa kamanda Wahle wakiwa wameshatoka wanakimbilia kusini mashariki kuelekea Iringa. Sasa bastola iliyotengenezwa Berlin 1917 haiwezi kunyang'anywa Tabora 1916, hilo halihitaji utaalamu. Kijana akajitetea, babu labda walikosea mwaka tu, labda alimnyang'anya baadaye, vita iliendelea mpaka 1918. Swali zuri, na jibu lake liko baharini. Waingereza waliifunga pwani yote hii. Meli za kuwaletea Wajerumani wa huku silaha zilizofanikiwa kupenya ni mbili tu, Rubens iliyofika Ghuba ya Manza kule Tanga Aprili 1915, na Marie iliyofika Sudi, Lindi, Machi 1916. Baada ya hapo hamna. Novemba 1917 walijaribu kwa anga, ile ndege kubwa ya puto L59 ilitoka Bulgaria na shehena, ikafika juu ya Sudan ikageuzwa kurudi. Kwa hiyo silaha yoyote ya Kijerumani yenye tarehe ya 1917 au 1918 ukiambiwa ilikua mkononi mwa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la hapa kwetu, cheka tu. Hawakuwa na pa kuipitisha.

Alafu kulikua na kitu cha pili pale kwenye chemba, kilichonifurahisha zaidi. Tarehe zilikua mbili. 1917, na jirani yake imegongwa 1920, namba za umbo tofauti kabisa na zile za kwanza, unaona kwa macho kwamba mkono uliogonga ni mwingine. Mtu asiyejua ataona ni feki, mtu amechezea. Kumbe ndiyo alama nzuri kuliko zote pale. Baada ya Ujerumani kushindwa, mkataba wa Versailles uliwabana jeshi lisizidi watu laki moja, na 1920 ikatoka sheria ya kunyang'anya raia silaha za kijeshi zilizozagaa mitaani. Ili silaha ya serikali isichanganyike na zinazosalimishwa na raia, zile zilizobaki kazini kwa jeshi na polisi ziligongwa 1920, chache 1921. Kwa hiyo bastola hii baada ya vita ya kwanza haikutoka Ujerumani, ilibaki kazini kwao. Ukiunganisha na ile ya kwanza unapata kwamba mwaka 1920, wakati Tabora iko mikononi mwa Waingereza na Kigoma bado ya Wabelgiji, chuma hiki kilikua kiunoni kwa mtu fulani Ujerumani.

Sasa 1916 ya familia ilitoka wapi? Maana hawakua waongo, ni watu wa heshima. Nikaomba mfuko. Ngozi nene, umbo la sawasawa na P08, una kijimfuko cha pembeni cha magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ya akiba, nikafunua kifuniko kwa ndani, muhuri wa fundi wa ngozi, BERLIN, 1916. Mifuko ile ilikua inagongwa jina la fundi, mji na mwaka, na mfuko na bastola havikutoka kiwanda kimoja wala havikulazimika kuwa vya mwaka mmoja, askari alipewa kilichokuwepo stoo. Nadhani kilichotokea ni rahisi, mtu wa familia aliyejua kusoma aliwahi kufunua akaona 1916, na Tabora hapa 1916 ni mwaka unaojulikana, wazee wengi walikua wanahesabu umri wao kwa kuingia kwa Wabelgiji. Mwaka kwenye ngozi ukakutana na mwaka kichwani, katikati pakazaliwa babu na afisa wa Kijerumani.

Nirudi kwenye uhalisia wa chuma chenyewe maana hapo ndipo pesa inapokaa. Wajerumani walikua wagonjwa wa namba. Kila P08 ina namba kamili yenye tarakimu mpaka nne na mara nyingi herufi ndogo, imegongwa mbele ya fremu (ule mwili wa chini), ubavuni kushoto, na chini ya mtutu pamoja na kipimo cha tundu la mtutu, hii ilikua na milimita 8,83. Alafu kila kispea kidogo, traiga, sefti, kile kisahani cha GELADEN, viungo vya juu, kifuniko cha ubavuni, kinapewa tarakimu mbili za mwisho. Unachofanya ni kukagua moja moja kwa uvumilivu. Hii namba yake inaishia 31. Fremu, chemba na mtutu vinalingana, yaani mifupa mikubwa ni yake. Traiga 31, sefti 31, viungo vya juu vyote 31. Kifuniko cha ubavuni, 07. Pini ya kufyatulia haikulingana pia. Kwa mtu wa Ulaya au Marekani anayekusanya hivi vitu, hizo mbili tu zinashusha bei, pini kidogo, kifuniko zaidi maana kipo nje kinaonekana.

Magazini ndiyo iliyozungumza kuliko kifuniko. Za vita ya kwanza kitako chake ni cha mbao, kimegongwa namba ya bastola yake. Hii kitako ni cha aluminiamu, na hayo ni mambo ya miaka ya 1930 kwenda mbele. Maana yake bastola ilikua bado inatumika na kuvishwa spea mpaka karibu na vita ya pili au ndani yake. Shika hilo kichwani, tutalihitaji.

Rangi sasa. P08 ya zamani haikupakwa rangi, ni kutu ya makusudi, chuma kinatiwa dawa kinashika kutu laini kinasuguliwa, kinarudiwa mpaka kinakua bluu ya kina karibu na nyeusi, na ndani ya fremu kunaachwa cheupe, chuma kitupu. Alafu vipande vidogo kama traiga, sefti na kile kijiti cha kufungulia vinachomwa kwa moto mpaka vinapata rangi ya majani makavu, dhahabu fulani hivi. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujua kama fundi wa mtaani aliitia rangi upya, utakuta vipande vyote ni vyeusi, na ndani nako kweusi, na kona za herufi zimelainika. Hii upande wa kulia ilikua nzuri kwelikweli, bluu ipo, traiga bado ina udhahabu, ndani cheupe. Nikamwambia askari geuza kushoto.

Jamani. Upande wa kushoto mtu alishausugua kwa stilwaya. Ile ya kusugulia masufuria. Mistari imejaa, bluu imeondoka nusu nzima, chuma kinang'aa kama kijiko, na kwenye mashimo ya skrubu kuna ugando wa rangi ya chungwa, nikanusa, mawese. Ikabidi niulize. Kumbe siku walipoikuta, kabla hata ya kunipigia, dalali alishawaambia kwenye simu waisafishe ing'ae ndio picha zitoke vizuri, na shangazi wa Kigoma akatoa mawese aliyokuja nayo msibani, ikapakwa bastola ikapakwa na mfuko. Yaani walikua wanasugua bastola yenye risasi kwenye chemba. Nilikaa kimya kidogo. Kwa hesabu ya soko, mikono ile ya dakika chache ilifuta pesa nyingi kuliko miaka hamsini ya sandukuni, kwa sababu kutu nyepesi mtaalamu anaweza kuituliza kwa mafuta ya mashine, ila rangi ya kiwandani ikishasuguliwa hairudi, ukiipaka mpya ndio unaimalizia kabisa. Kwa hiyo yeyote mwenye chuma cha zamani, hata kama ni rungu la polisi wa mkoloni, asisugue, asipolishi, asipake mafuta ya kula. Kitambaa kikavu basi.

Kushoto hukohuko kulikua na mshangao mwingine. Mpini wa P08 una mbao mbili za mjozi zenye mikwaruzo ya kupishana kwa ajili ya kushika. Ya kulia ndiyo yenyewe. Ya kushoto ilikua nyekundu nyekundu, imechongwa kwa kisu, mikwaruzo imejaribiwa kwa mkono haikunyooka, na ukiangalia mishipa ya mti huwezi kukosea ukiwa mtu wa huku, mninga. Mjozi wa Ulaya kulia, mninga wa Unyamwezini kushoto. Mkusanyaji wa nje angekunja uso, mi ndiyo kipande nilichokipenda.

Tukaja kwenye kopo. Hapa ndipo kila kitu kilipojipanga, na niseme kabisa makaratasi yale yalikua hatarini kuchomwa maana kijana mmoja alishayaona ni takataka. Ndani yake kulikua na vitabu vya leseni, muhuri wa mwisho 1974, jina la marehemu, aina ya silaha, na namba ileile inayoishia 31. Na barua moja ya mashine ya taipu, ya 1962, Urambo. Mzungu wa shamba la tumbaku anaandika kwamba anaondoka nchini na anamkabidhi dereva wake bastola ya milimita 9 namba fulani, kwa idhini ya polisi, na kwenye sentensi moja tu anasema aliipata Italia mwaka 1944 akiwa jeshini.

Urambo kwa asiyejua ni kama kilomita 90 magharibi ya hapa, njia ya Kigoma. Baada ya vita ya pili serikali ya Uingereza ilianzisha ule mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Nachingwea na Urambo, na wazungu wengi waliokuja kuendesha matrekta walikua askari waliotoka vitani. Karanga zikafeli vibaya, kufikia 1951 mradi ukafutwa, ila Urambo ardhi ilikubali tumbaku na baadhi walibaki wakalima. Marehemu alikua dereva wa mmoja wao. Hilo familia wote wanalijua, ila hakuna aliyewahi kuliunganisha na bastola maana bastola ilishakua na hadithi yake.

Sasa panga vipande. 1917 Berlin. 1920 bado kazini Ujerumani. Magazini ya miaka ya 30 na kuendelea, bado kazini. 1944 Italia, ambako Wajerumani na Waingereza walikua wanapigana, inabadilisha mikono. Mfuko wa 1916 huenda ilitoka nao hukohuko. Na kuna ushahidi wa kutokuwepo kitu, kwenye mtutu hamna muhuri wa ukaguzi wa Uingereza wala yale maneno NOT ENGLISH MAKE waliyokuwa wanagonga silaha za nje zikipitia sokoni kwao, kwa hiyo haikununuliwa dukani London, ilikuja kwenye begi la askari. Alafu Urambo, mbao ya kushoto inavunjika, fundi anachonga mninga. 1962 inakua ya dereva Mnyamwezi. Kila kipande cha chuma kinakubaliana na barua, na barua haikuandikwa kwa ajili ya kuuza, hiyo ndiyo sababu naiamini.

Kijana alinyong'onyea. Alitaka afisa wa Kijerumani. Mi nikamwambia hadithi yenu mpya ni nzuri kuliko ya zamani, bastola za "alinyang'anywa afisa" zipo kila mji duniani na hazina karatasi hata moja, yenu ina karatasi. Hakuniamini siku ile.

Bei basi, maana ndiyo ilikua swali. P08 siyo kitu adimu, zilitengenezwa zaidi ya milioni kwenye vita ya kwanza peke yake. Kwenye minada ya Marekani ambako biashara hii ni halali, ya kawaida ya jeshi yenye namba zote zinazolingana, rangi yake ya asili na magazini yake, inazungukia dola 1,500 mpaka 3,000. Yenye tarehe mbili kama hii ina wapenzi wake. Ila toa kifuniko kisicholingana, toa magazini, toa mbao moja, toa ubavu uliosuguliwa, unashuka kwenye kundi la bastola za kupigia shabaha tu, dola mia nane, elfu moja na kidogo ukibahatika. Barua ya Urambo inaongeza kwa mtu anayejali historia, siwezi kuitia namba. Mfuko wenyewe, bila mawese, ungeweza kutafuta dola mia mbili hivi. Kwa hiyo hata ingekua Texas juu ya meza, haifiki popote karibu na milioni arobaini.

Na haiko Texas. Hapa Tanzania familia haiwezi kuiuza kwa mtu wa mtaani, haiwezi kuisafirisha nje bila vibali, na dalali asiye na leseni ya biashara ya silaha akiinunua au kuiuza ni kosa. Kwa familia hii leo thamani ya soko ni sifuri, nilisema hivyo mbele ya shangazi bila kuzunguka. Kama mrithi mmoja ana sifa na anaitaka kweli, aombe leseni yake mwenyewe, inaanzia serikali ya mtaa, inapanda kwenye kamati za usalama na polisi, na aeleze kwa nini mtu wa Ng'ambo anahitaji bastola ya 1917. La sivyo ibaki ilipo.

Kuhusu milioni arobaini, nina wazo langu. Sisi huku tuna ugonjwa wa mali za Mjerumani, watu wanachimba chini ya maembe usiku, wanauziwa ramani, wanauziwa rupia za kuchongwa Kariakoo. Na kinachochochea ni kwamba kuna ukweli ndani yake, 1916 Wajerumani waligonga kweli sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, nje kidogo ya mji, zina tembo na herufi T ya Tabora, zaidi kidogo ya 16,000 tu, na ya kweli ni pesa nzuri. Kwa hiyo neno "Mjerumani, Tabora, 1916" peke yake linapandisha bei ya kitu chochote. Dalali huyu alikua hanunui bastola, ninavyoona alikua anatafuta kwanza picha ya bastola halisi yenye mfuko wa 1916 ili akamuoneshe mtu mwingine mwenye pesa, achukue "ya kianzio", apotee. Walipomwambia ipo polisi na ina tarehe ya 1917, akauliza swali moja tu, kama mfuko nao umechukuliwa.

Haujachukuliwa, ngozi siyo silaha. Shangazi ameushikilia, ameufuta mawese kadri ilivyowezekana, ameuweka kwenye gazeti mbali na jua. Vitabu vya leseni na barua vimepigwa picha na nakala ziko kwa watu watatu tofauti wa ukoo. Kijana ameanza kuulizia wazee wa Urambo kama kuna anayemkumbuka seremala aliyekuwa anachonga mininga pale kambini miaka ya hamsini, na juzi ameniambia kapata mmoja anayesema anamjua mtoto wake.